Kitanda cha Kanuni ya Nne

Kitanda kilikuwepo. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Kilikuwa ghalani kwetu Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, kimefunikwa shuka, mpini wake wa kunyanyulia kichwa nimeutia mafuta kwa mkono wangu, na godoro lake la hewa halina hata tundu. Na huko Ganjoni, ghorofa ya tatu, Kanze mke wa Mung'aro alikuwa akioza mgongo juu ya godoro la sponji.

Mimi ni Musyoka, mstaafu wa reli, mwenye funguo za ghala la Klabu ya Utumishi ya Kisiwani. Watu hutuita Klabu ya Kitanda, na hatuwalaumu. Mwaka wa 1968 kuli mmoja bandarini aliangukiwa na magunia, akavunjika uti wa mgongo, wenzake wakampeleka kwao wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa. Makarani wanane waliomwona akipitishwa hivyo walichangishana mbao na misumari, wakamtengenezea kitanda. Alipofariki, kitanda kikaenda kwa mgonjwa mwingine, na klabu ikaanzia hapo. Vitanda, magongo, viti vya magurudumu: tunaazima, na mtu akipona au akifa, tunarudishiwa.

Tuna desturi zetu. Tukifikisha kitu nyumbani kwa mtu, hatuingii ovyo. Katibu husimama mlangoni na kusema, "Tumetumwa." Mwenye nyumba huuliza, "Na nani?" Katibu hujibu, "Na jirani." Ndipo tunaingia, na asante hatupokei. Mung'aro, Mgiriama mrefu aliyestaafu ukarani wa bandari, aliyasema maneno hayo kwa miaka thelathini na minane, suruali imepigwa pasi na beji imeng'arishwa, hata kama tunapeleka gongo moja tu.

Na tuna kanuni. Ya nne inasema kuwa mwanachama hatumikiwi na klabu, yeye wala wa nyumbani kwake. Haikutungwa kwa ubaya. Mweka hazina wetu wa kwanza alimkalisha mkwewe mwaka mzima kwenye kiti cha magurudumu cha klabu, ilhali kuna mtu wa Majengo asiye na miguu aliyekuwa akijiburuta hadi msikitini. Wazee waliona aibu, wakaiandika kanuni kwa wino mwekundu.

Mung'aro aliipenda kanuni ile kupita kiasi. Nasema hivi kwa uchungu, maana ni rafiki yangu. Miaka kumi na mmoja iliyopita mwenzetu Awiti, karani katika ofisi ya meli, alitujia kikaoni akisema mamake amepooza. Kitanda kilikuwepo. Mung'aro alisimama, akaisoma kanuni ya nne kuanzia juu mpaka chini, kisha akamwambia, kwa upole wake wa kiofisi, kwamba akitaka ajiuzulu aombe kama jirani. Tukapiga kura. Mikono yote ikamuunga mkono katibu, na wangu ulikuwa miongoni mwake. Awiti alivua beji, akaiweka mezani, akaondoka. Hakuomba. Mtu akishafanyiwa vile mbele ya watu, angeomba kwa uso gani? Mamake alilala sakafuni siku arubaini na moja, akafa.

Basi Aprili mwaka huu Kanze alipatwa na kiharusi akiwa anakuna nazi. Upande wa kulia ukafa, na sauti ikaenda pamoja nao. Watoto wao wako mbali, Karisa, wa kwanza, Qatar, mwingine Eldoret. Mung'aro akawa ndiye yaya, ndiye mpishi, ndiye dobi. Alikuwa akimgeuza kama anavyofanya kila kitu, kwa saa. Hata hivyo kufikia Juni vidonda vilikuwa vimefunguka, na muuguzi aliyekuja kuvisafisha alimvuta kando akamwambia, "Mzee, kwa godoro hili hamalizi mwezi." Kukodi kitanda cha hospitali kulishinda pensheni yake.

Nilimfuata na funguo mkononi. Nikamwambia, "Katibu, leo hii nitakufungulia. Hakuna atakayejua."

"Awiti atajua," akanijibu.

"Awiti ametoka miaka yote hiyo!"

"Ndiyo maana, Musyoka. Nikimpa Kanze kwa mlango wa nyuma, yule mama alilala chini kwa sababu gani?"

Nilitamani kumzaba kofi. Nilimwambia basi ajiuzulu, aombe kama jirani. Akaniangalia kwa macho mekundu yasiyojua usingizi, akanikumbusha nilichokuwa nimekisahau. Kanuni ya pili inataka mikono mitano ndipo kitu kitoke ghalani, na tuliosalia tulikuwa watano pamoja naye. Wengine wamekufa, au wamerudi bara. Akibaki, haruhusiwi. Akitoka, hatutoshi. Mwanachama mpya hukaa miezi sita kabla ya kunyoosha mkono, na Kanze hakuwa na miezi sita. Aliyewahi kuwa mwanachama ndiye tu anayeweza kutia sahihi leo na kupiga kura leo. Aliye hai na aliye karibu alikuwa mmoja.

Tulikwenda Tudor pamoja. Awiti alifungua mlango nusu, akasimama papo hapo, kijiko cha mchuzi mkononi. Mung'aro alimweleza yote, kofia ameikamata kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akiomba. Alipomaliza, Awiti alisema, "Nimekusikia," akafunga mlango.

Jumamosi tukakutana, kama kawaida, saa tisa alasiri. Bi Mwanakhamis, mwenyekiti wetu, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliita majina. Mung'aro akaitikia jina lake kwa mara ya mwisho, kisha akasoma barua yake ya kujiuzulu. Beji ilimshinda kuivua, ikabidi Bi Mwanakhamis amfungulie. Akatoka, akaketi nje barazani mahali wanapongoja waombaji. Ndani tukabaki wanne: mwenyekiti, mimi, na Dancan na mkewe Beryl.

Tulingoja. Saa kumi ikapita. Nilihesabu mara kadhaa, kana kwamba wanne wangeweza kuwa watano, na nikaanza kumchukia kila mzee aliyewahi kushika kalamu ya wino mwekundu.

Saa kumi na nusu Awiti akaingia. Alimpita Mung'aro barazani bila kumsalimia, akatia sahihi daftarini.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mwanakhamis. "Wataka kusema neno?"

"Nataka kumbukumbu za kikao kile zisomwe. Na asome aliyeziandika."

Tukamwita Mung'aro. Nilimfungulia kabati, nikampa daftari la mwaka ule. Alisoma mwandiko wake mwenyewe, wima na safi. "Ombi la Bi Awiti kwa ajili ya mamake limekataliwa kwa mujibu wa kanuni ya nne. Waliounga mkono, wote." Alipofika kwenye "wote" alilifunga daftari. Nami nilitamani ardhi inimeze.

Awiti akamuuliza, "Siku zile, Mzee, chakula chako cha mchana kilikuwa kikichelewa?"

Mung'aro hakuelewa. Alisema ndiyo, anakumbuka, alikuwa akigomba. Kanze alikuwa akienda sokoni Marikiti na kurudi saa nane, akisema kulikuwa na watu wengi.

"Hakuwa Marikiti. Alikuwa kwangu. Mimi nikiwa kazini, mkeo alikuja kila siku kumsafisha mama na kumgeuza, mpaka siku ya arubaini na moja. Alinikataza nisikwambie. Alisema, 'Mung'aro akijua ataona amevunja kanuni, na kanuni ndiyo kitu chake.'"

Bi Mwanakhamis alijifunika macho kwa ncha ya buibui. "Ya Rabi," alisema. "Na sisi twanyosha mikono hapa."

Awiti akanyoosha wake. "Sinyooshi kwa ajili yako," alimwambia Mung'aro. Sote tukanyoosha.

Tulikipakia kitanda kwenye pikapu. Ganjoni tukakipandisha ngazi vipande vipande, mpaka ghorofa ya tatu, nami kwa umri wangu nilidhani nitatangulia mgonjwa. Mung'aro alikuwa amekwisha kuingia ndani. Hatukuwa na katibu, basi aliyesimama mlangoni akawa Awiti.

"Tumetumwa," akasema.

Maneno ya mwenye nyumba Mung'aro aliyasikia mara mia, lakini hakuwahi kuyatamka. Alisimama katikati ya chumba, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, hakuna kilichotoka. Mwishowe Awiti hakungoja tena. "Na Kanze," akasema, akaingia.

Tulipomwinua Kanze na shuka yake nilikiona kidonda cha kiunoni. Sitakieleza. Najua tu kwamba kitanda kilipaswa kufika wiki tatu mapema, na kwamba mimi nilikuwa na ufunguo.

Awiti alimwonyesha Mung'aro. "Mkono mmoja begani, mmoja nyongani. Na umwambie kwanza. Usimgeuze kama gunia. Yeye alikuwa akimwambia mama kila mara, 'Mama, twageuka.'"

Miezi miwili, usiku na mchana, Mung'aro alikuwa amemgeuza kwa saa bila kumwambia neno. Alipiga magoti kando ya kitanda cha klabu, akaweka mkono begani, mwingine nyongani.

"Mama Karisa," alisema, "twageuka."

Jicho la Kanze la kushoto, lililokuwa likitazama dari tangu Aprili, lilimtafuta, likamwona.