Binti yangu yuko kwenye arobaini, na dawa yake lazima aifuate kliniki

Admin, nifiche jina. Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, kwetu Kondoa, ila nimepanga chumba Area D, Dodoma, kwa ajili ya binti yangu. Shule niliishia la nne, mtanivumilia.

Binti yangu alizama kwenye unga. Alituibia mpaka sufuria likiwa na mboga ndani. Mwaka jana akapokelewa kliniki, anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye heroini, kila siku mbele ya nesi, haruhusiwi kubeba nyumbani. Mwanzoni alikuwa anakimbia foleni, maana wanawake ni wachache na wanaume wanamtania, "Shemeji, tumbo hilo la nani?" Mwanaume aliyempa mimba alishapotea. Nesi akaniita. "Mama, huyu tusimhudumie kama kaka zake wale wa foleni. Aje wakishaondoka, apite mlango wa pembeni." Daktari akampangia dawa upya kwa sababu ya mimba. Akatulia jamani, akanenepa, akawa ananiimbia jikoni.

Sasa amejifungua, wa kike. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe, na uzazi wa kwanza analelewa kwao. Mume wangu amekuja na dada yake kutuchukua turudi Kondoa. Nikauliza, na dawa je? Wifi akaruka: "Dawa gani ya kumtembeza mzazi na kichanga kila siku kwenye upepo huu? Unataka watu waseme nini?" Mume wangu hakufoka, na hilo ndilo linaloniumiza. "Mke wangu, hamjamtibu, mmembadilishia kikombe tu. Akitoka kwenda kliniki kabla ya arobaini, kwangu asirudi. Na wewe ubaki naye hukuhuku."

Nesi anasema anyonyeshe, asikatishe dawa ghafla, na Kondoa dawa hiyo haipo. Kumletea nyumbani bado hawajaruhusu. Binti ananyonyesha huku analia, "Mama, ukinipeleka Kondoa, wiki haiishi nitakuwa nimetoroka. Mtoto utabaki naye wewe."

Basi ni kesho asubuhi. Mume wangu yuko nje anafunga mizigo, mimi nimejifungia bafuni naandika. Nimechoka. Nampenda mume wangu, tumetoka mbali. Mliowahi kulea mgonjwa wa hivi, hasa kina mama wenzangu, niambieni kabla hajaniita: nipande hilo basi, au nibaki na mwanangu?