Uji wa Fundi Betri

Fundi Betri alikuwa mtu wa kujisifu, lakini si kwa mambo makubwa. Fahari yake ilikuwa uji. Wenzake gereji walimsikia kila siku, huku amepasua betri ya gari iliyokufa na kuchomoa mabamba yake ya risasi, yale madini mazito yanayochafua mikono. "Nyinyi mnapikiwa na wake zenu," aliwaambia. "Mimi wangu nampikia mwenyewe, na anakunywa mpaka anakwangua kikombe." Wenzake walimcheka, wakasema amekaliwa. Hakujali. Waliishi wawili tu, yeye na mkewe. Watoto hawakujaliwa, na asiye na mwana wa kumbembeleza humbembeleza aliye naye.

Uji wenyewe ulianza kwa homa. Mkewe aliugua, hamu ya kula ikamtoka, Fundi akaingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu waoane. Akaunguza uji. Akaunguza tena. Ndipo alipoikumbuka sufuria yake ya chuma kule gereji, nzito, yenye kitako kinene. Alikuwa akiyeyushia risasi humo kabla hajapata kubwa zaidi, maana kazi ya fundi betri ndiyo hiyo: risasi ya betri mbovu huyeyushwa juu ya makaa, ikamiminwa kwenye kalibu, vikatoka vichwa vya betri nyingine. Aliisugua kwa mchanga, akaisugua kwa sabuni, akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Mtu anataka usafi gani tena? Akaileta nyumbani, na uji haukushika chini tena. Akaukamulia ndimu, kwa sababu mkewe alipenda uchachu, akaufunika na kuuacha ukae humohumo mpaka upoe.

Mkewe alionja, akamtazama. "Fundi, umetia sukari?"

"Hata punje."

"Mbona una utamu kwa mbali?"

"Huo utamu wa mkono wangu. Kumbe ulikuwa hujui umeolewa na nani?"

Mkewe alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo Fundi alimpikia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa uji. Alikunywa chai yake gereji.

Homa ikaisha, ukaingia ugonjwa usio na jina. Tumbo lilimsokota mke wa watu mpaka anajikunja kitandani, choo kikafunga, uso ukampauka. Mkono wa kulia ukalegea kwenye kifundo, ukawa unaning'inia tu, hata kijiko hauinui. Akapimwa malaria, akapimwa taifodi, akaambiwa ni vidonda vya tumbo, kisha akaambiwa ni mawazo. Mawazo gani, naye mume anampikia? Akilazwa alipata nafuu, na chakula chake huko kilitoka kwa dada yake mkubwa, aliyekaa karibu na hospitali. Akirudi nyumbani, Fundi alimpokea na kikombe chake mkononi, na ugonjwa ukaanza upya. Kadiri alivyozidi kuugua ndivyo mumewe alivyozidi kumkorogea.

Dada mtu hakuwa mjinga. Siku mdogo wake alipolazwa tena, alimsimamisha Fundi kwenye korido, mbele ya wauguzi na kila aliyekuwa na macho.

"Mikononi mwangu anapona, mikononi mwako anaugua. Kikulacho ki nguoni mwako! Unamwua mdogo wangu, shemeji, na mimi nakuona."

"Mungu ndiye anayeniona, shemeji," Fundi alisema. Alirudi nyumbani kwa miguu akilia njiani, mtu mzima na ndevu zake.

Ndipo mgonjwa akapelekwa kwa Daktari Kwani. Jina lake halisi lilikuwa limebandikwa mlangoni, ila wagonjwa hawakulitumia. Aliletewa wale walioshindikana kwingine, naye aliwahoji kama mkwe anayechunguza posa: kwani unalala chumba gani, kwani nguo anafua nani, kwani maji mnachota wapi. Wengine walitoka kwake wamenuna, wakisema walifuata dawa, si mahojiano. Lakini kuuliza si ujinga, na wengi walioulizwa walirudi makwao wakiwa wazima.

"Kwani nyumbani anapika nani?" alimwuliza mke wa Fundi.

"Siku hizi jiko ni la mume wangu," alijibu kwa pumzi fupi, na ungesema anajivuna.

Daktari akamgeukia Fundi, akatazama kucha zake. "Kwani wewe unafanya kazi gani? Hebu fungua mdomo." Kwenye ufizi, chini ya meno, ulipita mstari mwembamba wa buluu iliyokoza. Akamfungua mdomo na mgonjwa. Mstari ulikuwepo, mnene zaidi. "Na huo uji, kwani unaupikia kwenye nini?"

Fundi alieleza kwa furaha, maana hakuna mtu mwenye elimu aliyewahi kumwuliza habari za uji wake. Akaeleza sufuria, mchanga, sabuni, ndimu, mpaka ule utamu wa kwa mbali. Daktari hakuuliza kwani tena. Alimshika bega, akamtoa nje.

"Risasi ni sumu, na haiishi kwa kusuguliwa, ndugu yangu. Inabaki kwenye chuma, halafu ndimu inaitoa. Ikikutana na uchachu inakuwa tamu. Wewe unaivuta kidogo kidogo kazini, yeye amekuwa akiinywa."

Damu ilipopimwa, ikasema vilevile.

"Sufuria itoboe, uifukie mbali," daktari alisema. "Mkeo nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Dawa ya kuitoa risasi mwilini ilikuwepo, naye alipewa, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Kila jioni Fundi alifika wodini na maneno yake tayari. Alinawa bombani mpaka ngozi ikachubuka, kisha akamlisha mkewe uji wa hospitali, kijiko kwa kijiko. Siku moja alijikaza kweli. "Mke wangu, kuna neno nataka kukuambia."

Mkewe akameza, akakunja uso. "Huu wa kwao maji matupu. Nikitoka utanipikia wako?"

Neno likamkwama Fundi kooni. "Nitakupikia," alisema. Mkewe akafa bila kujua, na dada mtu akaambiwa ni figo.

Msibani dada alisimama mbele ya watu wote. "Shemeji, nilikuvunjia heshima. Mume aliyempikia mkewe kwa mkono wake, mimi nikamwita muuaji. Nisamehe." Watu wakaguna kwa kuridhika. Fundi aliinamisha kichwa na kulia, nao wakaona ni majonzi. Yalikuwa majonzi, na ilikuwa aibu pia, na sufuria ilikuwa bado chini ya kitanda ndani ya gazeti. Kila alipoishika nyundo aliuona uso wa mkewe ukicheka juu ya kikombe, akairudisha sufuria pale pale.

Kesho yake asubuhi, kwenye mkeka wa sebuleni alipolala na wanaume wa msibani, aliamshwa na harufu ya ndimu.

Dada, aliyelala hapo kwa ajili ya matanga, alikuwa jikoni na wajukuu zake. "Nilikuwa nafagia nikaiona hii chini ya kitanda," alisema. "Nzito, haiunguzi kabisa. Nimewakorogea hawa, nikakamua na ndimu kama alivyopenda marehemu." Mjukuu mdogo alikuwa amekwisha kuinua kikombe.

Fundi alikipiga kofi kikombe, kikaruka. Akaipiga teke sufuria, uji ukamwagika sakafu nzima. Watoto wakapiga kelele.

"Shemeji! Umerukwa na akili?"

"Hiyo ndiyo iliyomwua," Fundi alisema, na mara hii hakukwama. Alisema yote: gereji, risasi, ndimu, daktari. Dada alimsikiliza akiwa amesimama, uji ukimzunguka miguu.

"Kwa hiyo nilisema kweli," alisema taratibu, hata hasira hana.

"Ulisema kweli, shemeji."

"Na yeye, alijua?"

"Hakujua. Aliniomba nimpikie tena." Fundi alikuwa ameificha mikono yake mgongoni. "Nikamwambia nitampikia."