Namba Niliyoifuta kwa Tupa

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu nilipoitwa mwongo na mzee wa Kizungu ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kunipandishia sauti. Alikuwa na haki. Nasema hili mapema kwa sababu najijua: nikiachiwa nafasi nitaanza kujitetea, na mpaka nimalize msomaji atakuwa ameshanionea huruma bure.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Niliirithi kwa baba yangu kule Tanga, nikaja nayo Johannesburg, na kwa miaka mingi sasa nina kibanda Malvern, kwenye Jules Street, ubavuni kwa mshona nguo wa Kikongo ambaye ni mteja wangu, jirani yangu na mbea wangu. Mzee alikuja mara ya kwanza na springi iliyovunjika ndani ya bahasha. Alikuwa fundi bunduki mwenye leseni, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake, mitaa mitatu kutoka kwangu. Bunduki mpya hakuzigusa. Alifufua za kale tu, za askari wa vita vya zamani, ambazo viwanda vyake vilishakufa na vipuri vyake havipo dukani. Ile springi nilimkunjia nyingine. Akaivuta, akaiachia, akaivuta tena, kisha akaniuliza kama Jumatano nina kazi.

Nilikwenda Jumatano hiyo na Jumatano zote kwa miaka miwili. Mtutu na vyuma vikubwa alishika mwenyewe, ndivyo sheria inavyotaka. Mimi nilipewa vidogo: skrubu, springi, pete za kufungia mbao. Nilimfundisha neno moja la Kiswahili, fundi, na ndilo akaniitia siku zote. Mwaka wa pili akaniahidi kitu. Bunduki ijayo ikitoka vizuri mikononi mwangu, ataniandikia barua ya kunidhamini nikaanze mafunzo, hatimaye nipate leseni yangu mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanachoka na hakuwa na wa kumwachia karakana. Niliitaka barua ile kuliko kitu chochote tangu nipate karatasi za ukaazi.

Bunduki iliyofuata ilitoka kwetu. Sifanyi mzaha. Mwenyewe, mama mmoja mwalimu mstaafu, aliirithi kwa babu yake, aliyepelekwa Tanganyika kupigana na Wajerumani katika vita vya kwanza vya dunia na kurudi na bunduki ya askari wa upande wa pili. Askari wale wengi wao walikuwa watu weusi wa kwetu. Huenda aliyeibeba alikuwa Mdigo au Msambaa, huenda alipita karibu na nyumba ya bibi wa bibi yangu. Sijui, na hakuna atakayejua. Lakini nilipoipokea, kitako kimepasuka, kutu mpaka ndani ya skrubu, niliona uchungu kama nimeitwa hospitali kumtambua ndugu.

Kilichokosekana kilikuwa kibamba cha kulengea, kile kinachoinuka juu ya mtutu kikiwa na alama za masafa. Tulikitafuta miezi saba. Mzee aliandikia watu wa nchi tatu. Mimi nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu mjini nikionyesha picha kwenye simu, nikajibiwa, "Eish, sister, hicho hata makumbusho hawana." Mwishowe mjane wa mkusanyaji mmoja alituruhusu kupekua makopo ya marehemu mumewe, na ndani ya kopo la biskuti nikakiona. Nilipiga kelele mpaka mzee akalazimika kukaa chini.

Sasa, bunduki za aina ile zilipigwa namba kila kipande. Namba ya yetu iliishia kumi na saba, na kila pete na kila skrubu ilibeba 17 ndogo. Kibamba tulichokipata kilikuwa na 52, kwa kuwa kilizaliwa na bunduki nyingine. Mzee hilo halikumsumbua. Mimi lilinikera kama shati lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Basi Jumatano moja, mzee alipoingia ndani kupokea simu ya binti yake, nilichukua tupa laini nikaifuta 52, nikapiga 17 kwa vyuma vya mzee vya kugongea namba, nikapaka dawa ya kuzeesha chuma mpaka usingeweza kujua. Aliporudi nikamwonyesha kwa majivuno. Nilidhani nimempa zawadi.

Aliweka kioo cha kukuzia jichoni, akakikagua kibamba ncha hadi ncha.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Nimeifuta. Sasa zote zinafanana."

"Umetengeneza uongo," alisema, na sauti ikapanda. "Kesho mtu ataichukua bunduki hii akiamini haijabadilishwa tangu kiwandani. Na kama ile nyingine bado ipo mahali, haitakipata tena kibamba chake. Kipande kimoja, uongo mara mbili."

Hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia kwamba bunduki ni ya kwetu, kwamba kibamba nimekitafuta kwa miguu yangu, kwamba kama anatafuta uongo aanze na babu wa mtu kusemwa "alirudi nayo" badala ya kusemwa aliichukua. La mwisho lilikuwa kweli tupu, ila halikuwa na uhusiano wowote na tupa.

"Basi, madam," akasema.

Hakuniita fundi. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, na barua niliyoahidiwa nikaiacha huko.

Jumatano iliyofuata sikwenda. Jirani yangu Mkongo akachungulia. "Mama, leo haiko siku ya muzee yako? Ao mulikosana?" Nikamwambia ashone nguo zake.

Ni yeye huyo huyo aliyenimaliza. Alikuwa amenunua cherehani cha mtumba mjini, kikamgomea. Nikasoma kibati cha namba, nikaagiza spea ya pale bobini inapokaa, tukaingoja siku kumi. Ilipofika haikuingia. Nikafungua kila kitu, nikakuta kibati kimeng'olewa kwenye cherehani kingine na kupachikwa kwenye hiki, tena kimepakwa rangi kwa ustadi. Nilimtukana fundi huyo nisiyemjua mpaka wapita njia wakageuka. Mwongo! Tapeli! Siku kumi zangu!

Jirani yangu akainua mabega. "Pengine alitaka tu ikuwe muzuri."

Nilikaa kwenye stuli. Aibu ilinipanda kuanzia shingoni, na sina neno jingine la kuiita.

"Nilisema mubaya, Mama?" akaniuliza.

"Hapana," nikamjibu. "Umesema vizuri kupita kiasi."

Kesho yake nikagonga geti la mzee. Sikuomba msamaha, kwa kuwa nilijua nikianza nitalia. Nilimwomba namba ya simu ya mwalimu. Alinitazama, akanipa, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Mwalimu alikuja karakanani Jumamosi. Nilimweleza yote, namba niliyoifuta na niliyoipiga, nikamwambia ana haki ya kuikataa kazi nzima.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka ionekane haijawahi kupoteza kitu."

Alipapasa kitako kwa kiganja. "Babu yangu hakusema aliipata vipi," alisema. "Na sisi hatukumwuliza. Acha ionekane imepoteza."

Mzee akaeleza wanavyofanya mafundi wa majeshi tangu zamani: namba isiyo sahihi haifutwi, inapigwa mstari, na ya kweli inaandikwa pembeni. Kisha akafungua droo, akanipa bahasha. Barua ilikuwa ukurasa mmoja, na ilianza na kosa langu. "Mwanamke huyu alifuta namba ya kweli akapiga ya uongo," aliandika. "Kisha alimwita mwenyewe mwenye mali ili amwambie, kabla sijamtuma. Naweza kumwachia karakana yangu." Pamoja na barua kulikuwa na kipande cha chuma kigumu, kitupu, urefu wa kidole. Akasema nichonge kwenye ncha yake alama yangu ya kugongea, ili atakayeona kosa langu miaka mia ijayo ajue ni la nani.

Nilichonga umbo la sindano ya cherehani. Ilinichukua wiki. Jumatano iliyofuata nikapiga mstari juu ya 17, pembeni nikairudisha 52, na chini yake nikagonga sindano yangu kwa mara ya kwanza. Mzee akainama na kioo chake.

"Nani aliharibu hapa?" aliuliza, kama mteja asiyenijua.

"Mimi."

"Na nani alitengeneza?"

"Mimi."

"Basi Jumatatu peleka barua yako, fundi," akasema, akanirudishia tupa.