Kinyama Kutoka Shingo ya Mke Wangu

Mke wangu alitokewa na uvimbe shingoni, chini ya sikio, mkubwa kama yai la kware, akakaa nao tangu tupande mahindi mpaka tukapalilia bila kuniambia. Alikuwa anaufunika na kitambaa. Mimi ni mtu wa kuongea, na mtu wa kuongea haoni mambo, hilo nakubali. Ni binti yetu, huyu tunayekaa kwake Kapsoya, aliyemvua hicho kitambaa na kumpeleka hospitali. Mimi nikafuata nyuma kwa sababu nyumbani hapangekalika.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa wajukuu wangu, lakini mwenye heshima. Akampapasa shingo, akamuuliza kama amekonda, kisha akasema, "Mama, hii inaweza kuwa TB ya tezi na inaweza kuwa kansa. Kwa macho siwezi kujua. Tutakata kinyama kidogo kiende maabara. Mtangoja siku kumi. Na ukimwi pia tutapima."

Mke wangu akanigeukia. "Hapo muulize Mzee. Yeye ndiye anajua alikopitia."

Daktari akajifanya anaandika. Tulipimwa sote wawili na hakuna kitu kilichopatikana, niseme mapema watu wasije wakanitazama vibaya.

Sasa mimi singenyamaza. Nimechinja ng'ombe wengi, tezi naziona kwenye nyama nazitupia mbwa, sijawahi kujua ni za nini. Nikauliza. Yule msichana akaweka kalamu chini.

"Mzee, tezi ni kama baraza. Mdudu akiingia mwilini, kuna seli zinazommeza na kumkatakata. Halafu zinabeba kipande chake kwa nje, kama mtu ameshika kitu mkononi, zinakileta kwenye tezi. Hapo ziko seli nyingine, tunaziita wasaidizi. Msaidizi hawezi kumtambua mdudu mzima. Anatambua kipande tu, tena kiwe kimeshikwa na mwingine. Na kila mmoja anajua kipande cha aina yake. Wengi wanapita, wanaona si chao. Yule anayekijua akikifikia, anaongezeka, anapiga kamsa, ndipo wauaji wanakuja. Ukimwi unamaliza hao wapiga kamsa. Ndiyo maana nauliza."

"Hayo ni mambo ya sikio la ng'ombe," nikamwambia.

Akacheka. "Sikio gani, Mzee?"

Ningefunga mdomo hapo, ningelala vizuri hizo siku kumi. Lakini nikamweleza. Zamani kwetu kila ukoo ulikuwa na namna yake ya kukata masikio ya ng'ombe, mwingine pembeni, mwingine kwenye ncha. Mwizi akichinja msituni, ngozi anaificha na nyama anaila, lakini mara nyingi sikio linabaki kwenye nyasi. Mtu akiliokota analizungusha kwa wazee. Hakuna aliyemwona ng'ombe. Huyu anatazama, anasema si langu, yule naye hivyo hivyo, mpaka lifike kwa mwenye alama. Huyo akilishika tu, kamsa inasikika mpaka ng'ambo ya mto, vijana wanatoka na mishale. Kabla yake hatoki mtu.

Kisha nikaongeza ya baba yangu, ambayo hakuna aliyeniuliza. Baba alikuwa ameweka ng'ombe kadhaa kwa ndugu yake upande wa Timboroa, maana sisi hatukuweka mali yote boma moja. Siku moja akaletewa sikio limeokotwa huko. Akaligeuza mara moja tu, akasema, "Hili ni letu," akalitupa. Alama ni ya ukoo, na ndugu yake huenda kachinja wake mwenyewe, basi amani. Baada ya wiki akaletewa lingine, akasema vile vile. Kumbe baba mdogo alikuwa anawachinja mmoja mmoja na kuuza nyama. Baba alipokwenda kuwaona ng'ombe wake alikuta zizi limeota majani.

Daktari hakucheka tena. "Kansa iko hivyo, Mzee," akasema polepole. "Haitoki nje. Ni mwili wenyewe umeharibika. Vipande vyake vingi vinafanana na vya nyumbani, na wasaidizi walifundishwa tangu mwanzo wasiguse cha nyumbani. Kikiwa kimebadilika kidogo, wakati mwingine wanakigundua. Wakati mwingine wanakipita."

Akamkata kile kinyama, tukatoka. Mke wangu ana bandeji shingoni, anatembea mbele. Tulipofika langoni akasema bila kugeuka, "Kwa hivyo umenifuata hospitali ukaniwekea baba yako mdogo kwa shingo."

Zile siku kumi sikukaa. Nilirekebisha ua ambao haukuwa na kasoro. Nilienda sokoni nikarudi bila kitu. Siku ya sita nilienda maabara, wakaniambia Mzee bado, siku ya saba wakaniambia Mzee tafadhali. Mke wangu alifuma sweta. Nilitaka alie kidogo nipate kazi ya kumnyamazisha, lakini wapi.

Siku ya kumi daktari alifungua karatasi na mke wangu akamuwahi. "Ni wa nje au ni wa nyumbani?"

"Ni wa nje, Mama. Ni TB. Dawa miezi sita, usiruke hata siku moja."

Mimi nikacheka kwa sauti. Watu kwenye benchi wakanitazama, mzee anacheka mke wake akiwa na TB. Yeye ndiye alilia, sasa, wakati haikuhitajika.

Basi ningesema nilitulia. Lakini mwezi wa pili wa dawa ule uvimbe ukaongezeka badala ya kupungua. Nikamburuta mpaka hospitali. Daktari akaupima tena, akauchoma sindano, akavuta majimaji akayapima. Akasema hutokea: mwili ukipata nguvu, wapiga kamsa wanajaa kwenye tezi kuliko mwanzo, inavimba. Dawa iendelee, arudi kila wiki mbili aonekane.

Nilimwelewa. Kuelewa hakukunisaidia. Imebaki miezi mitatu. Asubuhi anameza vidonge na uji, na kabla hajaweka kikombe chini mkono wangu uko shingoni kwake.

"Mzee," ananiambia, "jana ulishika. Hebu kaa."

Nasema ndiyo, nakaa. Naona kama leo uvimbe ni mdogo kuliko jana. Halafu nasimama niende nikamwambie binti yetu naye ashike.