Mwanangu anaongea na kisima, na mume wangu hataki kukifukia

Admin, habari za kazi. Naomba unifichie jina, maana mume wangu na wifi zangu wote wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Mitole huku Kilwa, nina binti mmoja wa miaka minne. Mume wangu si mlevi wala hanipigi. Anaendesha lori la ufuta, nyumbani yupo Jumapili tu, na hiyo Jumapili moja ndiyo anataka afanye kila kitu. Chumba cha uani kimeishia kwenye linta, banda la kuku halina paa, na kuna mizinga ya nyuki anachonga kwa kujifurahisha, nayo haijaisha. Akishika hiki anaacha kile, mara jua limezama, na Jumatatu alfajiri ameondoka. Hayo nilishayazoea.

Ninachokiogopa ni kisima. Alianza kukichimba nyuma ya jiko pamoja na mdogo wake. Wameshuka chini sana, maji bado, shemeji yangu akaugua akafariki. Tangu hapo mume wangu hajaingia tena mle. Kakifunika kwa bati kuukuu na mawe, kila wiki anasema atakimaliza Jumapili ijayo.

Wiki iliyopita nasonga ugali nikasikia mtoto anaongea nje. Nikadhani yuko na watoto wa jirani. Kuchungulia, namkuta kalala kifudifudi, bati kalisogeza, kichwa chote kimo kisimani. Niliogopa kumwita asije akashtuka. Nikanyata, nikamdaka miguu, nikamvuta. Tukakaa chini wote wawili. Nikamuuliza alikuwa anaongea na nani.

"Na baba mdogo," akasema. "Nikimwambia njoo, na yeye ananiambia njoo."

Ni mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Nimemweleza, haelewi.

Jumapili nikamsimulia mume wangu, nikamwomba tukifukie. Akaniambia, "Ile ndiyo kazi ya mwisho ya mdogo wangu. Ukiifukia umemzika mara ya pili, na mimi na wewe basi." Akaongeza mawe juu ya bati, akarudi kuchonga mzinga huku machozi yanamtoka.

Sasa mtoto naenda naye shambani, bombani, hata chooni. Nikisinzia mchana nazinduka mbio kwenda nyuma ya jiko. Jana nimekuta jiwe moja limevutwa pembeni. Nikimpeleka kwa mama yangu Kikole, kisima bado kipo, na ipo siku atarudi.

Majirani wamekubali kuja na majembe kesho, mume wangu akiwa safarini. Nampenda, na najua akisema basi huwa ni basi. Ndugu zangu, niwaache wafukie au nimsubiri mwenyewe Jumapili? Nijibuni leo, tafadhali. Hapa naandika kwa mkono mmoja, mwingine nimemshika mwanangu.