Punguza Moteri, Mbele Kuna Watu

Binti yangu Noëlla anatengeneza michezo ya simu. Nasema hivyo sokoni Nchelenge bila kuulizwa, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Kwa miezi saba, kila akitoka shambani kwetu Mantapala, alikuwa akitengeneza mashindano ya boti za moteri kutoka Nchelenge hadi kisiwa cha Kilwa, humu ziwani kwetu. Mchezo ulipokamilika, akampa mama yake, Chouchou, aujaribu. Kwa Chouchou simu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu.

"Mama akishindwa kufika, nitaufuta," Noëlla akasema. Ana kichwa kigumu, na amekitoa kwangu.

Chouchou akagonga matete, boti ikarudishwa mwanzo. Akagonga tena. Boyd, jirani yetu anayejiita bingwa wa simu, akacheka mpaka nikatamani kumfukuza. Noëlla hakumwelekeza mama yake hata kidogo. Alimtazama tu, akiandika daftarini. Kesho yake, boti ikigusa matete ilijirudisha yenyewe njiani, na kidole kimoja kilitosha kuiendesha.

Bado Chouchou hakufika. Kila alipokaribia mtumbwi uliojaa mizigo alipunguza mwendo, hadi muda ukamwishia.

"Mama, juu ya nini unapunguza?"

"Kuko batu mule. Nikipita mbio, mawimbi itabazamisha."

"Ni muchezo tu, mama."

"Uliona wapi mutu wa ziwa anapita vile? Hata mu muchezo, hapana."

Niliumia moyoni, maana miezi saba si kidogo. Noëlla akazima simu, na kwa siku tatu tulimwona wakati wa kula tu.

Jumapili baada ya ibada akatuita. Sasa ukipunguza mwendo, walio mtumbwini wanakupungia mkono na kukuonyesha njia ya mkato katikati ya matete. Ukipita kwa fujo unawamwaga majini, na lazima urudi kuwaokota mmoja mmoja.

Boyd, aliyewekewa mchezo huo kwenye simu yake ashindane na Chouchou, akaondoka kama mshale. Chouchou akafuata polepole, akisalimia kila mtumbwi kwa sauti kana kwamba wanamsikia. Njia ya mkato, tena njia ya mkato, akafika Kilwa. Boyd bado alikuwa anaokota watu.

"Okota bote, Boyd," Chouchou akamwambia. "Niko nakungojea."

Nililia, wala sioni haya. Noëlla akanyoosha mkono achukue simu yake. Mama yake akamgeuzia mgongo, akaanza upya.