Bila Kushikwa Mkono, Kariakoo Hadi Kivukoni

Shangazi yangu alikuwa na nyumba Kariakoo, ya miti na udongo, paa la madebe yaliyopondwa, na ole wake aliyethubutu kuiita nyumba ya marehemu mumewe. Mumewe alichukuliwa mpagazi katika vita vya Wajerumani na Waingereza, asirudi. Nyumba aliijenga mwenyewe baada ya vita, kwa vitumbua alivyokuwa akiuza asubuhi karibu na soko. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa, nikikaa mtaa wa pili, na kila nikipita na mgeni nilimwonyesha lile paa kana kwamba nimeliezeka mimi.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Akawa anamimina chai nje ya kikombe na kukisingizia kikombe. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, akaamua kumpeleka shamba Kisarawe kwa ndugu, nyumba ipangishwe.

"Dada, mji huu una motokaa siku hizi," alimwambia. "Utagongwa."

"Na Kisarawe nikafanye nini? Nikachunge kuku nisiowaona?" Kisha akatoa sharti lake. "Kesho nitakwenda kwa miguu yangu mpaka Kivukoni, nichague samaki mwenyewe, nirudi naye. Nikipotea, au mtu akinishika mkono, nifungie mizigo yangu. Nikifika, Kisarawe usinitajie tena."

Baba alikubali upesi mno, na upesi ule ulinichoma. Mimi nikaambiwa nimfuate nyuma, nisimshike wala nisimwelekeze. Yeye angengoja barazani, awe mwamuzi.

Tulitoka jua bado changa. Shangazi alijifunga kanga mpya, kikapu mkono mmoja, bakora mkono wa pili, akashika njia kama anayekwenda kudai haki yake. Nilidhani nimekwenda kumlinda, kumbe hatujafika hata sokoni akaanza kunitembeza mimi.

"Hapa palikuwa kambi ya wapagazi," akasema, akigonga mchanga kwa bakora. "Wanaume walitolewa bara huko, wakalala hapa hapa wanapouza bamia. Mume wangu nilimletea muhogo pale kwenye kona." Akainua uso kuelekea jumba la soko. "Na hili Wajerumani walilijenga kwa sherehe zao. Sherehe wasiione, sasa linanuka vitunguu vyetu." Akacheka kwa sauti, na mwuza vitunguu akacheka naye bila kujua kilichochekesha.

Nilikuwa nimepita pale tangu utotoni. Sikuwahi kujua kwamba kona ile ilikuwa na muhogo wa mtu.

Mchanga ulipokwisha na nyasi zikaanza, akajua tumefika Mnazi Mmoja. Akasimama katikati ya kiwanja. "Hapa serikali imepaacha wazi itutenge na Wazungu na Wahindi wa kule. Eti maradhi yetu yasiwafuate. Vuta pumzi, mwanangu, kisha ipulize kwao." Tukapuliza, wanawake wawili wazima, mashavu yamejaa. Nyuma yetu kati ya wapita njia mtu akakohoa, nami nikaona haya tumeonekana.

Uhindini njia ikawa ngumu chini ya miguu. Vibarazani cherehani zilikuwa zikilia, na harufu ya binzari ikatufuata mlango kwa mlango. Alizitaja nyumba moja moja: hii ilianza kwa kuuza kaniki, ile ilikuwa ya Mwarabu wa tende, pale kuta zilijengwa na mafundi wa kwetu waliochoma chokaa hata kope zikawa nyeupe. Motokaa ikatokea kwenye njia panda. Mkono wangu uliruka wenyewe, lakini yeye alikuwa amekwisha kusimama.

"Umenyoosha mkono," akasema bila kugeuka. "Urudishe."

Kivukoni walikuwa wakinadi samaki. Mnadi mmoja, alipoyaona yale macho, akamtilia kikapuni samaki aliyelegea. Shangazi akambonyeza tumbo, akanusa mashavu, akamrudisha. "Huyu mpe mama mkwe wako." Watu wakaangua kicheko, na mnadi akalazimika kusogeza tenga zima. Shangazi akachagua changu mgumu, mnene, naye nilimwona akirefuka kwa furaha. Nilijivuna mpaka nikataka kuwaambia wote pale kwamba huyu ni shangazi yangu.

Balaa lilitungoja Mnazi Mmoja wakati wa kurudi. Hamali mmoja wa sokoni, Mnyamwezi, alituona. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya kitu, nawe huna ruhusa ya kununa, utakikomboa tu. Hakujua lolote la sharti letu. Akainyakua bakora ya shangazi, akaruka pembeni.

"Bakora ya babu yangu hii! Mmetuibia, walaji wa mihogo ninyi! Ikomboe kwa huyo samaki!"

Shangazi akitoa samaki, atafika mikono mitupu, na baba atasema hakufika Kivukoni. Akikataa, hana kitu cha kuipapasa njia. Nilitaka kumpigia yule hamali kelele amwache mgonjwa, lakini neno hilo lingemuumiza shangazi kuliko kuanguka.

"Kaa nayo," shangazi akasema. "Niliibeba nipate kumchapia Mnyamwezi, na leo mkono umechoka."

Akaenda zake. Nyuma yetu watu walimcheka hamali, naye akacheka kuliko wote. Shangazi sasa alitambaza nyayo polepole, mkono ule mtupu mbele yake. Akajikwaa kwenye mzizi, akayumba, akakikumbatia kikapu. Nilijiuma kidole nisimfikie. Kisha mchanga wa Kariakoo ukarudi chini ya miguu yake, vikombe vya mwuza kahawa vikalia kwenye kona ya muhogo, akakata kushoto, akapita milango ya jirani akiigusa, akasimama kwenye wake.

Kigoda cha baba barazani kilikuwa kitupu. Hasira zilinipanda. Mwamuzi gani huyu, hata kungoja kumemshinda? Shangazi alifungua kufuli, akausukuma mlango, akasema akiwa ameupa mgongo uchochoro:

"Niletee bakora yangu, mdogo wangu, uje unywe maji. Tangu kwenda unakohoa huko nyuma, koo limekukauka."

Nikageuka. Baba alikuwa amesimama uchochoroni, kanzu imelowa jasho, viatu vimejaa mchanga, bakora mkononi. Alikuwa ameikomboa kwa kibweta chake cha ugoro. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa tangu asubuhi, na ile hasira yangu ikaniishia pale pale.

"Shikamoo, dada," akasema, kama ndiyo kwanza anafika.

"Marahaba. Kisarawe hawajambo?"

Baba aliiegemeza bakora nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote, akavua viatu, akaingia.